Fundi, Usipige Window

Mafundi wengi wa kompyuta wa jiji hili wana dawa moja tu kwa maradhi yote: kupiga window. Mashine imekuwa nzito? Piga window. Ina virusi? Piga window. Imegoma kuwaka? Hapo ndiyo kabisa, hata swali la pili haliulizwi. Inanikumbusha yale wanayosimulia wakubwa zetu kuhusu enzi za klorokwini, kwamba ulikwenda zahanati na homa, au na kichwa, au hata na mguu uliotegukia mpirani, na kwa vyovyote ulirudi nyumbani na vile vidonge vichungu, mwili mzima ukikuwasha. Klorokwini ilikuwa dawa ya kweli, tena ilipona nayo mitaa mizima. Na kupiga window nako ni dawa ya kweli. Ila mgonjwa huamka mzima bila kukumbuka hata jina la mama yake.

Basi nawaandikia ninyi wenzangu mnaotunga hadithi zenu kwenye vilaptop vya mtumba, vile ambavyo betri zake zilishakufa huko vilikotoka kabla havijapakiwa melini, na sasa vinaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Najua mko wengi. Changu kiligoma masika yaliyopita kikiwa na sura kumi na moja za riwaya tumboni. Sura saba za kwanza zilikuwa pia kwenye flashi. Nne za mwisho hazikuwa popote pengine duniani.

Na nne hizo hazikuwa za kuandika upya. Riwaya yangu inamhusu bibi mmoja wa bonde la Jangwani anayekataa kuhama baada ya yale mafuriko ya Desemba 2011, wakati wenziwe wanapelekwa Mabwepande kwenye viwanja. Sura ya kumi na ya kumi na moja nilizichapa nikiwa nimeketi kwenye kigoda pembeni ya kitanda cha bibi yangu mzaa mama, yeye akisema, mimi nikipiga kibodi, bila kusahihisha. Bibi naye tumeshamzika. Sasa mtu akikuambia "si utaandika tena," unamjibu nini?

Yaliyotokea ni hivi. Mtoto wa mjomba alikuja kutusalimia Jumamosi, akaiomba mashine acheze mpira. Mchezo ukamwambia kwamba draiva ya kadi ya picha imezeeka, ipakuliwe mpya. Akaipakua, akaanza kuiweka. Ule mstari wa kijani ukatembea mpaka ukapita nusu, kioo kikapepesa mara mbili kama kawaida ya kazi hiyo, na hapo hapo umeme ukakatika. Mtaa mzima: "Aaaah!" Mashine isiyo na betri haina cha kusubiri. Ilizimika palepale, na ile draiva mlangoni, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje.

Umeme uliporudi saa nne usiku tukawasha. Ikaja nembo, vikaja vile vidoto vinavyozunguka, kisha buluu tupu na kile kisura kilichonuna, kisha ikajizima na kujiwasha yenyewe. Nembo, vidoto, buluu. Nembo, vidoto, buluu. Binamu alikuwa amekaa kimya kuliko nilivyowahi kumwona tangu azaliwe.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Mafundi wanasema "draiva". Watu wa kamusi wanapendekeza "kiendeshi". Nami huwa najiuliza kwa nini hakuna anayesema "dereva", maana ni neno lile lile la Kiingereza. Tulilichukua mara ya kwanza lilipokuja na magari, tukalinyoosha kwa ulimi wetu mpaka likasahau kwao, likapata na wingi wake. Kisha likarudi tena na kompyuta limevaa suti, nasi tukalipokea kama mgeni. Kazi yake lakini haijabadilika. Ndani ya kompyuta kuna vyombo chungu nzima visivyojuana: kioo, spika, kamera, panya, ile kadi inayochora picha. Kila kimoja kimetoka kiwanda chake na kina namna yake ya kuamrishwa. Windows haiwezi kuzijua namna zote hizo, ndiyo maana kila kiwanda hutoa draiva, kiprogramu kinachokaa kati ya Windows na chombo chenyewe na kujua gia ya tatu iko upande gani.

Taabu ya draiva ni pale inapokaa. Programu ya kawaida, kama hii ninayochapia hadithi, inakaa sebuleni. Ikizimia, inazimia peke yake. Unaifunga, unaifungua, maisha yanaendelea. Lakini draiva nyingi, na hasa za kadi ya picha, zina sehemu inayokaa chumba cha ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, ambako mashine inaiamini kila inachoambiwa. Mle hakuna ukuta kati ya huyu na yule. Draiva ikigusa kumbukumbu isiyoihusu, Windows haina namna ya kujua ni nini kingine kimevurugwa, wala kama kitakachoandikwa kwenye diski sekunde ijayo ni kweli au takataka. Kwa hiyo inafanya jambo la busara: inasimamisha kila kitu palepale na kupaka kioo buluu. Kwenye Windows 11, tangu mwaka 2025, wamebadilisha rangi ikawa nyeusi, lakini habari ni ile ile.

Watu wanaiogopa sana skrini hiyo. Mimi niliiogopa mpaka nilipoelewa kwamba ni konda anayegonga bodi gari lisimame kabla halijaingia mtaroni. Ya kwangu ilikuwa na maandishi madogo chini: VIDEO_TDR_FAILURE. Maana yake, kwa Kiswahili cha nyumbani, ni kwamba Windows iliipa kadi ya picha kazi, ikasubiri jibu (kwa kawaida inasubiri sekunde 2 tu), haikujibiwa, ikajaribu kuizindua, ikashindwa. Ndiyo basi. Hakuna mahali popote katika maneno hayo palipoandikwa kwamba hadithi yako imefutika. Gari limekosa dereva. Mizigo iko vilevile juu ya keria.

Jambo hilo ndilo nililotaka fundi aniambie, na ndilo hakuniambia.

Fundi niliyempelekea ana kimeza chake chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa, kijana wa makamo yangu, mikono myepesi kweli. Aliiwasha mara moja tu.

"Sista, hii window imekufa. Tunapiga mpya. Elfu ishirini, saa kumi unakuja kuchukua."

"Na vitu vyangu, fundi?"

"Umeviweka wapi? C au D?"

"Viko pale mbele, ukiwasha tu unaviona."

"Hiyo ni C. C inaondoka."

"Haiwezekani kuvitoa kwanza?"

"Kuvitoa ni kazi nyingine, halafu haina uhakika." Tayari alikuwa ameshaanza kutafuta flashi yake ya Windows kwenye kopo la bisibisi. "Kwani kuna nini cha maana humo? Picha za harusi?"

"Kuna riwaya."

"Muvi?"

"Hadithi, fundi. Kitabu. Naandika."

Akaniangalia kwa huruma ya kweli, si dhihaka. "Aa, sasa hiyo si ipo kichwani?"

Simsemi vibaya. Anakula kwa idadi ya mashine anazorudisha kwa siku, na kupiga window humchukua muda anaoujua, wakati kutafuta draiva mbovu moja kunaweza kumla mchana kutwa na mteja akagoma kulipa zaidi ya elfu kumi. Na si kila kupiga window kunafuta. Ukiweka Windows mpya juu ya ile ya zamani bila kuisafisha diski, ya zamani husogezwa pembeni kwenye folda iitwayo Windows.old, na vitu vyako vinakuwamo, ingawa folda hiyo baada ya siku 10 huweza kufutwa na Windows yenyewe bila kukupigia hodi. Kuna hata njia iliyomo ndani ya Windows ya kujirudisha upya huku ikiacha mafaili yako na kutupa programu tu. Lakini huyu wa kwangu alikuwa na mazoea ya kufuta C kwanza, "iwe safi". Nikamshukuru, nikaifunga mashine kwenye khanga, nikapanda daladala nayo mapajani.

Kama mnadhani mambo haya ni ya sisi wenye mitumba peke yetu, kumbukeni Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Asubuhi ile, saa moja na dakika 9 kwa saa zetu, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma faili dogo kwa mashine za wateja wake duniani kote. Faili lenyewe halikuwa draiva, ila lilisomwa na draiva yao iliyokaa mle chumba cha ndani. Hesabu yake haikukubaliana: faili lilitaka kutazama vitu 21, programu ilikuwa imeandaa 20. Draiva ikanyoosha mkono kuchukua cha 21, ikashika kumbukumbu isiyo yake, na mashine zikaanguka. Baada ya dakika 78 faili sahihi likawekwa, lakini too, ng'ombe walishatoka zizini. Microsoft walikadiria kompyuta zilizopatwa kuwa milioni 8.5. Ndege zilibaki chini. Shirika la Delta la Marekani peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 kwa siku chache, na huko India kuna abiria waliopewa kadi za kupandia ndege zilizoandikwa kwa kalamu.

Nawasimulia kwa sababu ya tiba. Faili sahihi lilikuwapo, lakini mashine isiyowaka haiwezi kupokea kitu. Ilibidi binadamu aende kwenye mashine moja moja, aiwashe katika hali ya dharura, aingie kwenye folda ya madraiva, alifute lile faili kwa mkono wake, aiwashe tena. Hospitali, benki, viwanja vya ndege, wote walitibiwa hivyo. Kwa baadhi ya mashine zake zilizokodishwa kwa njia ya mtandao, Microsoft ilisema kuna wateja waliofanikiwa kwa kuzima na kuwasha tu, mara hata 15! Na katika yote hayo, dawa iliyopendekezwa haikuwa kupiga window. Fundi wangu chini ya ngazi angekuwa na la kujifunza hapo, na mimi nilikuwa nalo.

Jioni ile alikuja mshikaji wangu wa tangu kidato cha kwanza, aliyeko chuoni anasomea mitandao. Hakugusa kibodi kwanza. Aliuliza swali moja, "Unataka mashine au unataka hadithi?" Nikasema hadithi. "Basi tusiitengeneze. Tuiibie."

Alitoa mfukoni flashi ya GB 16 aliyoiwekea Ubuntu. Hapo niwape pumziko kidogo, maana jina hilo ni ndugu yetu: ni neno la lugha za Kinguni za Afrika Kusini, binamu wa damu wa "utu" wetu, na mfumo huu uliotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 ulianzishwa na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth. Ni bure, na uzuri wake kwa shida kama yangu ni kwamba unaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Unachomeka, unawasha huku unabonyeza kitufe cha kuchagulia pa kuwakia (kwenye mashine yangu ni F12, nyingine ni F9 au Esc), unachagua flashi. Kisha inakuuliza: unataka kujaribu au kusakinisha? Hapo ndipo penye uhai na mauti. Ni kujaribu. Ukigusa kusakinisha na kuendelea kukubali kila kinachoulizwa, umefanya kwa mkono wako yale uliyomkatalia fundi.

Ikawaka. Kioo kilekile, kadi ileile ya picha, imewaka kama haijawahi kuumwa, kwa kuwa Ubuntu ilikuja na draiva yake na haikuwa na habari na ile iliyokatikiwa umeme. Mwenzangu akaenda kwenye diski ya ndani, akafungua folda ya watumiaji, akafungua jina langu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika ukuta.

Zilikuwamo. Sura 1 mpaka 11, na lile faili la "majina ya wahusika", na barua mbili za kuomba kazi. Akafungua sura ya kumi ili tuwe na hakika. Inaanza na maneno ya bibi: "Maji hayakupiga hodi." Nikasoma mstari huo mmoja nikatoka nje kidogo.

Tulipokuwa tunanakili, kazi ya dakika chache tu kwa sababu riwaya nzima ni nyepesi kuliko wimbo mmoja, mwenzangu aliniuliza kwa nini nalia wakati vimepatikana. Nikamwambia habari ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika riwaya kwa Kikuyu mwaka 1978 akiwa kizuizini Kamiti, kwenye karatasi za chooni. Siku moja askari waliupekua ule mswada wakaondoka nao, na baadaye akarudishiwa. Nilipolisoma jambo hilo nikiwa shule niliona la ajabu ni karatasi za chooni. Sasa nafikiri zaidi zile siku alizokaa bila mswada, asijue. Na jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, tulipomsimulia kesho yake alicheka mpaka akakohoa. Mwaka 1974, alisema, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na yeye tamthiliya zake alizipiga kwa taipureta na karatasi ya kaboni katikati, nakala tatu kwa pigo moja. "Nakala ya tatu," alisema, "ilisomeka kama maandishi ya majini, lakini ilikuwapo."

Hadithi ikiwa mfukoni, moyo unatulia na mkono unakuwa jasiri. Ndipo tukageukia mashine yenyewe.

Zamani, tangu Windows 95 mpaka Windows 7, ulibonyeza F8 wakati wa kuwasha ukapata orodha ya njia za dharura. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 mlango huo umefungwa kwa kawaida, kwa sababu mashine zinawaka haraka mno. Badala yake, Windows ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, safari inayofuata inafungua yenyewe chumba cha matengenezo. Isipofungua, unailazimisha: kila nembo inapotokea unashikilia kitufe cha kuzimia mpaka izime, mara mbili tatu. Inauma roho kuifanyia mashine hivyo, lakini ndiyo hodi yake. Mle ndani unachagua kutatua tatizo, kisha chaguo za ndani zaidi, kisha mipangilio ya kuwashia, unaiambia iwake upya, na orodha ikija unabonyeza 4. Hiyo ndiyo sefu modi.

Katika sefu modi Windows huamka na madraiva machache tu, yale ambayo bila hayo haiwezi hata kusimama. Kadi ya picha inapewa draiva ya akiba ya Microsoft, isiyojua madoido. Kioo kinakuja na mipicha mikubwa mikubwa kama televisheni ya zamani, pembeni pameandikwa kwamba uko katika hali salama. Uzuri wake nini? Ile draiva mbovu bado ipo ndani ya diski lakini haijaamshwa. Ni kama kumvamia mwizi amelala.

Ukishaingia, unafungua orodha ya vifaa vya mashine, unaitafuta kadi ya picha, unaingia kwenye mali zake, upande wa draiva. Hapo kuna kitufe cha kuirudisha draiva iliyotangulia. Vitabu vyote na video zote huishia hapo: bonyeza, washa upya, kwisha. Kwangu kitufe kilikuwa kijivu, kimekufa, hakibonyezeki. Mwenzangu akasonya. Kwa kuwa kuweka draiva mpya kulikatika katikati, Windows haikuwa na kumbukumbu kamili ya iliyotangulia ili iirudishe. Njia iliyobaki ni kuing'oa: unachagua kuiondoa, na kabla ya kukubali unaweka tiki kwenye kile kisanduku kinachosema kwamba faili za draiva nazo zifutwe. Bila tiki hiyo unakuwa umemfukuza mpangaji ukamwachia ufunguo, maana Windows ikiwaka itaikuta draiva ile ile ghalani mwake na kuiweka tena kwa moyo safi.

Tuliweka tiki. Tukawasha upya. Nembo, vidoto... vidoto... (nilikuwa nahesabu) na ukurasa wa kuingilia ukaja. Windows ilikuwa imeikuta ghalani draiva ya zamani zaidi, ikaichukua hiyo.

Kuna njia nyingine ambazo hatukuzihitaji. Kama mashine yako ilikuwa imewekewa alama za kurudia, unaweza kuirudisha ilivyokuwa jana au juzi kutoka chumba kile kile cha matengenezo, na hadithi zako haziguswi. Kwangu alama hizo zilikuwa zimezimwa tangu dukani. Na kama hata sefu modi inagoma, kuna kile kioo cheusi cha kuandikia amri, ambamo amri iitwayo dism inaweza kukutajia madraiva yote yaliyoongezwa na viwanda na kuing'oa moja kwa jina lake, oem na namba. Hiyo ifanywe na mtu mwenye subira, na aangalie kwanza, maana mle ndani herufi za diski huweza kubadilika na C yako ikaitwa D.

Lakini wenye mashine mpya wanisikilize vizuri. Laptop nyingi za siku hizi zinakuja na diski iliyofungwa kwa kufuli liitwalo BitLocker. Na Windows 11 iliyosakinishwa upya kwa toleo la mwaka 2024, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi inalifunga yenyewe bila kukuuliza. Kwa mashine kama hiyo ujanja wetu wa flashi ungegonga mwamba, na chumba cha matengenezo kinaweza kukuomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Unaweza kuusoma kwa simu na kuunakili kwenye daftari leo hii, mashine ikiwa nzima. Wale wa CrowdStrike kazi yao ilikuwa ngumu mara mbili kwa sababu hiyo hiyo: kulikuwa na ofisi ambazo orodha ya funguo ilikuwa ndani ya kompyuta ambayo nayo ilikuwa haiwaki!

Mashine yangu bado inaishi kwa waya. Ina Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mwenzangu ananishawishi nihamie Ubuntu moja kwa moja. Nimemwambia nimalize riwaya kwanza. Faili za sura zote sasa ziko kwenye flashi mbili, moja kwangu na moja kwa mwalimu mstaafu, anayeiweka ndani ya kopo la Kimbo pamoja na hati ya kiwanja.

Draiva mpya hatukuiweka tena. Binamu anacheza mpira kwenye simu. Sura ya kumi na mbili imefika ukurasa wa nne, na yule bibi wa Jangwani bado amekaa barazani na mafurushi yake, lori la kwenda Mabwepande linanguruma nje, naye anaiuliza serikali ya mtaa kama huko waendako kuna mtu anayemjua jina.